Ndege adimu wa ufukweni: taja maji, si saa pekee

Ukimwona ndege adimu pale hori ya Mida au mdomoni mwa mto Sabaki, pwani ya Kenya, kabla hujatuma ujumbe kwenye kundi la simu la watazama ndege, andika na hali ya maji. Saa peke yake inapoteza watu. Maji kujaa na kutoka huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo anayekuja siku chache baadaye saa ile ile anakuta mambo mengine kabisa: maji yametoka, ndege wametawanyika mbali matopeni, darubini haifui dafu. Andika hivi: "Yuko katikati ya sululu (wale ndege wa ufukweni wenye mdomo mrefu uliopinda), imebaki saa moja maji yajae, ni bamvua (maji makuu)." Hapo mtu anaweza kupanga safari hata kutoka Nairobi. Na picha piga kwanza, hata mbovu. Mdomo na miguu vionekane, maana ubishi wote huanzia hapo.

Bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke ni habari nyingine. Yuko hatarini kutoweka, na mchana hulala vichakani. Akizongwa kila siku hapati usingizi. Huyo taja msitu tu, usitume pini ya ramani, wala usimwite kwa sauti za bundi zilizorekodiwa kwenye simu. Anayemtaka kweli amtafute mwongozaji mwenyeji.