Kuvua saka mtoni Aprili, na dawa ya miiba yake

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anamjua ningu, anayepanda mito mvua za masika zikianza. Saka (kwa Kiingereza sucker) wa huku Michigan, Marekani, ana tabia ileile: mdomo umeelekea chini, hula akifyonza chini ya mto, na theluji ikishayeyuka hupanda kutaga mayai kwenye changarawe. Msimu wake ni Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Wiki hii nilikuwa na shemeji yangu Grand River, naye hakuuliza mengi kuhusu kuvua. Alichouliza ni atamlaje samaki mwenye miiba kiasi kile.

1. Leseni. Ukiwa na miaka 17 au zaidi, kata leseni. Huisha 31 Machi, hivyo ya mwaka jana haikusaidii.

2. Maji. Funga kipimajoto kwenye uzi, kitumbukize. Yakikaribia nyuzi 10 za Selsiasi, nenda. Tafuta mahali maji ya kasi yanapotoka kwenye mawe na kuingia penye kina.

3. Kutega. Ndoano ndogo, namba 8, na kipande cha nyungunyungu. Chambo kingine sioni sababu ya kukinunua. Weka chubwi ya kutosha kukituliza chambo chini, kwa sababu saka hakimbizi chakula. Hadonoi kwa nguvu: mshipi hulegea tu, au ncha ya ufito hutikisika kidogo. Inua taratibu.

Aliyenaswa nje ya mdomo arudishwe majini papo hapo, ndiyo sheria. Ukiona mkia mwekundu, mwachie pia. Huyo ni jamaa yake aitwaye redhorse, na aina mojawapo iliyomo Grand River inalindwa. Kuzitofautisha si kazi ya mtu anayeanza.

4. Barafu. Mkate matamvua (mashavu anayopumulia), damu itoke, kisha barafu. Akikaa juani nyama hulainika, na hapo kisu hakitakusaidia.

5. Miiba. Hapa ndipo watu hukata tamaa. Ukishatoa minofu na mbavu, bado kuna miiba midogo yenye panda iliyojificha ndani ya nyama yenyewe. Usijaribu kuing'oa mmoja mmoja. Utabaki na makapi.

Para magamba lakini ngozi iache, maana ndiyo itakayoshikilia mnofu. Ulaze, ngozi ikiwa chini. Kata mistari kutoka mgongoni kuelekea tumboni, ukiacha milimita 3 hivi kati ya mstari na mstari. Kisu kifike kwenye ngozi bila kuipasua. Utasikia miiba ikikatika. Usiposikia chochote, hujafika chini. Watu huacha sentimita nzima kati ya mistari kwa uvivu, halafu wanamlaumu samaki. Nyama ikiteleza, iweke kwenye friza hadi ianze kugangamala, ndipo uendelee. Tumia kisu chembamba kilichonolewa sasa hivi. Kisu cha umeme sikitaki, hakikupi ile sauti.

Kisha chumvi, ndimu, unga wa mahindi hadi ndani ya mistari, na mafuta mengi yaliyopata moto sawasawa. Mafuta ndiyo yanayomaliza kazi: hupenya kwenye mistari na kuvikausha vile vipande vya miiba hadi visisikike mdomoni. Yakiwa vuguvugu, mnofu hunywa mafuta na miiba inabaki ilivyo. Kaanga michache kwa zamu. Kwa watoto wadogo mimi sikaangi kabisa. Nasaga mara mbili, nachanganya na viazi na kitunguu, natengeneza katlesi.

Wenzetu wa Kongo hupenda kumkausha kwa moshi, na anafaa sana, ila miiba hubaki mizima, kwa hiyo mle polepole.

6. Kiasi cha kula. Idara ya afya ya jimbo hutoa mwongozo uitwao Eat Safe Fish, unaoonyesha mto kwa mto ni milo mingapi kwa mwezi. Saka hula chini penye matope, na baadhi ya mito ina kemikali za viwanda vya zamani. Angalia mto wako kabla ya kujaza friza, hasa nyumbani kukiwa na mjamzito.