Kumfundisha Mtoto Kutumia Ramani Mji Mkongwe

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambavyo hupindapinda na vingi havipitiki kwa gari, mtoto wa miaka saba au minane anaweza kujifunza ramani vizuri sana. Kwanza mwachie achore mwenyewe njia ya kutoka nyumbani hadi madrasa, akitia alama vitu visivyohama, kama vile msikiti au mlango wa nakshi, wala si meza ya muuza kahawa.

Kisha mpe ramani iliyochapishwa, umfundishe jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote: kuigeuza mpaka ilingane na mji. Akiwa Forodhani, aizungushe karatasi hadi bahari iliyochorwa ielekee bahari anayoiona upande wa magharibi, na soko la Darajani liwe mgongoni mwake. Watoto wengi huishika ramani vilevile popote waelekeapo, na hapo ndipo kulia na kushoto huwachanganya.

Anapotembea, aweke kidole gumba mahali alipo na akisogeze kila afikapo njia panda. Wakati wa kurudi aongoze yeye, nawe umfuate bila kuharakisha kumsahihisha, kwa sababu uchochoro uleule huonekana mgeni kabisa ukitazamwa kutoka upande wa pili.