Karatasi ya "faini" uani kwa mtu: fanya hivi kabla hujalipa

Nasambaza mayai hapa Arusha kwa kirikuu, toka Njiro hadi Ngarenaro, na kwa siku naegesha kwenye viwanja vya watu hata mara kumi. Mwaka jana niliingia uani kwa jengo moja la maduka, upande wa soko la Kilombero, nikashusha trei sita. Kurudi nakuta tairi la mbele limefungwa chuma cha njano, na kwenye waipa kuna karatasi: FAINI 50,000. Trei thelathini na nne bado zimo ndani, jua la saa saba.

Kabla hujafungua pochi, angalia karatasi imetoka kwa nani. Ya maegesho ya barabarani ni ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, ya makosa ya trafiki ni ya polisi, na zote zinalipwa kwa kontrol namba ya serikali. Hizo usizichezee. Yangu ilikuwa na muhuri wa "uongozi wa jengo" na namba ya simu ya mtu. Hiyo si faini hata iandikwe kwa wino mwekundu. Faini inatozwa na mahakama, au na mamlaka iliyopewa nguvu hiyo na sheria. Mwenye kiwanja ana dai tu, kama mimi ninavyomdai mwenye duka mayai ya wiki iliyopita. Ukikataa kulipa, njia yake ni mahakamani.

Lakini usimdharau. Uwanja ni wake, anaweza kutoza, anaweza kukwambia utoke, na ukigoma kutoka kwa ubishi unaweza kujikuta una kesi ya kuingia kwa jinai. Na akiweka bango la bei mahali unapoliona kabla ya kuingia, ukaingia, mmeshakubaliana. Mkataba hauhitaji saini.

Kwa hiyo ulizia bango. Nilimwambia mlinzi, "Mdogo wangu, hebu nionyeshe hilo bango." Akanipeleka. Lilikuwepo, sikatai, ila jirani alikuwa ametundika majaketi ya mitumba juu yake. "Mama, jioni huwa anayatoa," akasema, mwenyewe akacheka. Nikapiga picha hapo hapo: bango na majaketi yake, lango la kuingilia, tairi, karatasi mbele na nyuma. Ukisema utarudi kesho, majaketi hutayakuta.

Kaka yangu aliyeko Uingereza alinitisha kwamba kule watu wanalipishwa na mahakama inakubali. Ni kweli, mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya kule ilimwamuru Barry Beavis alipe, aliyezidisha saa mbili za bure za kuegesha akadaiwa pauni 85 na kampuni ya maegesho, ParkingEye. Ila mabango pale yalikuwa makubwa, mengi, yanasomeka. Na kuhusu chuma cha tairi, England na Wales walishakipiga marufuku kwenye ardhi ya watu binafsi kwa sheria ya 2012. Hilo kaka hakulisema.

Kwetu tuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 74 kinasema hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa ukiuvunja, anayedai anapata fidia inayostahili tu, isiyozidi kiasi hicho. Basi muulize: nimekaa dakika ishirini, bei yenu kwa saa ni shilingi elfu moja, hii hamsini imetoka wapi? Muulize pia kiwanja chake kinaishia wapi. Mbele ya maduka mengi mjini pale unapoegesha ni hifadhi ya barabara, na hapo mwenye duka hana cha kukutoza hata kama amemwaga kokoto na kupaka mistari kwa hela yake.

Chuma usikikate. Fundi wa gereji jirani alishaniletea gurainda, nikamrudisha. Ukiharibu mali ya mtu wewe ndiye utakayeelezea polisi.

Mimi nililipa. Nilibembeleza hadi elfu ishirini, kwa sababu mayai hayasubiri sheria. Ila kabla sijatoa hela niliandika kwenye karatasi yao na kwenye nakala yangu: "Nimelipa kwa kulazimishwa, gari langu limezuiwa, napinga deni hili," tarehe, saa, jina langu na la aliyepokea. Nililipa kwa simu ili ujumbe ubaki, nikadai risiti. Mtoto wa dada yangu, karani kwa wakili mmoja, ndiye aliyenifundisha haya: Sheria hiyo hiyo ya Mikataba inahesabu kuzuia mali ya mtu isivyo halali kuwa ni shurutisho, na hela iliyolipwa kwa shurutisho hurudishwa.

Barua ya kudai ilikuwa ukurasa mmoja. Nilieleza tukio kwa mistari minne, nikabandika picha ya majaketi, nikataja kiasi, nikawapa siku kumi na nne, la sivyo Mahakama ya Mwanzo. Nilipeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri kwenye nakala. Hiyo nakala yenye muhuri usiisahau, bila hiyo watasema hawajaiona.

Siku ya tisa msimamizi alinipigia. "Shikamoo mama. Naomba nikutumie elfu kumi na tisa, elfu moja ya saa tubaki nayo." Nikamwambia sawa, ya saa ni haki yenu.