Ukitoka kwenye juri na mji umekasirika

Ukiwa mwanajuri huko Marekani, yaani mmoja wa raia walioteuliwa kuamua kesi mahakamani, baada ya uamuzi usiopendwa mwombe ofisa wa mahakama akutoe kwa mlango wa nyuma. Muulize jaji kwa maandishi majina ya wanajuri yatatangazwa lini: katika kesi ya Casey Anthony, mama wa Florida aliyeondolewa shtaka la kumuua bintiye, uamuzi ulitoka Julai 2011, lakini Jaji Belvin Perry aliyazuia majina hadi Oktoba. Muda huo ndio wa kufunga akaunti za mitandao na kuondoa anwani yako kwenye tovuti za kutafutia watu, ukichelewa, zimeshanakiliwa. Wanahabari hawana haki ya kudai majibu. Vitisho usivifute, hata vya kipuuzi: piga picha ya skrini, tarehe ionekane, peleka polisi. Mwajiri akikufukuza kwa sababu ya juri ya mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu, si ya jimbo), sheria inakulinda. Ukiacha kazi mwenyewe kwa kuogopa wateja, ni vigumu kuitegemea.