Linux na kadi yake, Windows na yake

Sipendi kuzima kompyuta kila ninapotaka kutoka Linux kwenda Windows. Kwa hiyo kwangu grafiki ya ndani ya prosesa ya Intel inahudumia Linux, na GeForce GTX 1070, kadi ya grafiki ya Nvidia, ni ya Windows, iliyomo kwenye mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) inayoendeshwa na programu ya QEMU. Zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja.

Ugumu ni mmoja tu: Linux isiiguse kadi hiyo ya GeForce kabla hujaikabidhi kwa mashine pepe. Draiva ya kawaida ikishaishika, kuinyang'anya ni kesi.

Anzia BIOS. Washa VT-d (kwa AMD tafuta IOMMU), inayowezesha kifaa kukabidhiwa mashine pepe, na uchague grafiki ya ndani ndiyo itangulie kuonyesha picha. Waya wa monita ya Linux uchomeke kwenye ubao mama. Wenye Intel waongeze `intel_iommu=on` kwenye mstari wa kerneli (kiini cha Linux) katika GRUB, programu inayoiwasha Linux.

Sasa andika `lspci -nnk`, amri inayoorodhesha vifaa, namba zao na draiva zao. GTX 1070 hujitokeza mara mbili: picha, `10de:1b81`, na sauti ya HDMI, `10de:10f0`. Haziachanishwi. Kadi za RTX zenye tundu la USB-C hutokea mara nne, nazo uzichukue zote.

Halafu chungulia `/sys/kernel/iommu_groups`, palipo na makundi ya vifaa. Kifaa huhama na kundi lake zima, kwa hiyo ukikuta kadi imo kundi moja na kidhibiti cha diski, ihamishie sloti nyingine. Wapo watakaokushauri kiraka cha ACS, badiliko la kerneli la kuyagawa makundi hayo. Mimi sikitaki: kinaifanya kerneli iamini vifaa vimetengana hata kama havijatengana.

Draiva ya kuishikilia kadi kwa ajili ya mashine pepe ni `vfio-pci`, nayo lazima itangulie draiva za kawaida: `nouveau` ya picha na `snd_hda_intel` ya sauti. Kwenye Debian, faili `/etc/modprobe.d/vfio.conf` langu lina haya:

`options vfio-pci ids=10de:1b81,10de:10f0`
`softdep nouveau pre: vfio-pci`
`softdep snd_hda_intel pre: vfio-pci`

Anayetumia draiva ya Nvidia yenyewe aongeze mstari kama huo wa `nvidia`. Endesha `update-initramfs -u` ili mabadiliko yaingie kwenye faili za kuwashia, washa upya, kisha rudia `lspci -nnk`. Chini ya kadi pasomeke `Kernel driver in use: vfio-pci`. Pakisomeka kingine, usiendelee.

Wenye kadi mbili pacha wasifuate njia hii, kwani namba zinafanana na zote zitachukuliwa. Tumia `driverctl`, ambayo hutambua kadi kwa anwani yake, kama `0000:01:00.0`.

Yaliyobaki ni mepesi. Katika virt-manager, programu ya kusimamia mashine pepe, chagua UEFI (mrithi wa BIOS) kabla ya kusakinisha Windows, ongeza vifaa vyote viwili vya PCI, na uunganishe GeForce na tundu la pili la monita. Maelekezo ya zamani yatakuambia uifiche mashine pepe ili kukwepa kosa namba 43, kwani draiva ya Nvidia ilikuwa ikikataa kufanya kazi ndani ya mashine pepe. Tangu draiva 465 ya mwaka 2021, Nvidia iliondoa kizuizi hicho kwa kadi za GeForce. Kibodi na kipanya cha pili vipitishe kwa USB, angalau mpaka Windows itulie.