Kanuni za migongano kwenye Navisworks: kila tiki inaficha kitu

Jumatatu moja fundi umeme alinipigia kutoka saiti. "Dada, hii trei niipitishe wapi? Hapa kuna bomba." Nikamwambia haiwezekani, ripoti yangu ya Alhamisi kutoka Navisworks, programu inayounganisha modeli za jengo na kutafuta vitu vinavyogongana, ilionyesha migongano sifuri kwa korido nzima ya ghorofa ya pili. Akanitumia picha WhatsApp. Bomba la maji taka la milimita 110 limekaa palepale trei ilipochorwa, kimo kilekile.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa tiki moja tu. Kwenye kichupo cha kanuni nilikuwa nimewasha ile inayoiambia Navisworks ipuuze vitu vilivyomo ndani ya faili moja. Mradi ule ulikuwa na faili tatu: usanifu, miundo na mitambo. Hiyo ya mitambo ilibeba mabomba, dakti (njia za hewa) na trei za nyaya kwa pamoja. Kwa macho ya programu, bomba na trei walikuwa ndugu wa nyumba moja, na ugomvi wao haukuwa wa kutangazwa nje.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kanuni hazitafuti mgongano, zinauficha. Kinachotafuta ni seti, yaani makundi ya vitu, unazoweka upande A na upande B wa kila jaribio ili zilinganishwe, kwa hiyo mimi naanzia huko.

Usichague vitu kwa mkono kisha ukahifadhi. Seti ya namna hiyo inakumbuka vile ulivyobofya siku ile tu. Bomba likiongezwa wiki ijayo halimo. Tumia seti ya utafutaji, inayouliza upya modeli kila inapobadilika: kila kitu ambacho kategoria yake ya Revit (programu modeli ilikochorwa) ni mabomba, na jina la mfumo wake ni maji taka. Faida nyingine ni kwamba majaribio yaliyojengwa juu ya seti hizo unaweza kuyatoa kama faili ya XML na kuyapeleka mradi mwingine. Ya kubofya kwa mkono hayasafiri.

Mpangilio wangu wa majaribio unafuata kisichosogea. Boriti kwanza, maana hakuna atakayekubali kuitoboa kwa ajili yako. Kisha maji taka, kwa kuwa yanahitaji mteremko. Halafu dakti kwa sababu ya ukubwa wake, mabomba ya presha, na mwisho trei na kondiuti (mabomba ya kupitishia nyaya), ambazo zinapinda kirahisi. Miundo dhidi ya maji taka ni jaribio moja, maji taka dhidi ya trei ni jingine. Ukirundika "vyote dhidi ya vyote" utapata maelfu ya mistari, na hakuna mhandisi atakayeifungua ripoti hiyo mara ya pili.

Sasa toleransi, ile namba ya milimita unayoipa jaribio. Kisanduku ni kimoja lakini maana zake ni mbili, na wengi wanateleza hapa. Kwenye jaribio la kugongana, milimita 10 maana yake "nisumbue tu vikiingiliana zaidi ya hapo". Kwenye jaribio la nafasi, milimita 10 maana yake "nisumbue vikikaribiana chini ya hapo". Nimewahi kuona mtu amenakili jaribio la nafasi lenye milimita 100, la kuachia mkono wa fundi kwenye valvu, akaligeuza kuwa la kugongana bila kugusa namba. Vibomba vidogo vyote vikapotea.

Jambo jingine: Navisworks huona kila umbo kama pembetatu nyingi, na jaribio la kawaida hutafuta pembetatu zinazokatana. Mabomba mawili yaliyonyooka sambamba na kupandana kidogo kwenye ncha yanaweza kulipita. Kuna aina ya pili ya jaribio la kugongana, ya tahadhari, inayokamata hata hayo, ila inaleta na kelele nyingi, yaani migongano isiyo ya kweli. Naiendesha mara moja kabla ya michoro ya ujenzi kutoka.

Turudi kwenye tiki zenyewe. Ya faili moja sasa naizima kila nikiona faili ya mitambo imechanganywa. Ya leya moja naitilia shaka vilevile, maana leya (kwa faili za Revit ni ghorofa) hutegemea aliyechora, na kuna wachoraji wanaotupa kila kitu kwenye ghorofa moja. Ya kupuuza vitu vilivyo ndani ya kitu kimoja kikubwa naiwasha bila hofu: dirisha halihitaji kuripotiwa kuwa limegusana na fremu yake. Ya sehemu za kunasa zinazokutana (pointi ambazo vitu hushikanishwa wakati wa kuchora) inafaa kwa bomba na kiungo chake.

Za kutengeneza mwenyewe ninazo mbili tu. Moja inapuuza vitu vyenye jina la mfumo linalofanana, ili bomba lisishtakiwe kwa kugusa koti lake la kuzuia joto. Ya pili inapuuza seti ya slivu (ala ya kupitishia bomba ukutani) dhidi ya seti ya kuta, kwa kuwa slivu imewekwa ukutani makusudi. Kila moja nimeiandikia sentensi kwenye daftari la mradi: nani aliomba, kwa nini, lini. Isiyo na sentensi inazimwa.

Na usitumie hali ya kuidhinishwa kama ufagio. Mgongano ukishaidhinishwa, jaribio likiendeshwa tena unabaki hivyohivyo, na jina la aliyeidhinisha limekaa pembeni pamoja na saa.

Kabla ya kikao cha Alhamisi ninaingiza faili ndogo niliyoichora mwenyewe: bomba linalotoboa boriti ya mapokezi, na trei inayolipita bomba hilohilo katikati, vyote ndani ya faili moja, vikiwa na kategoria na majina ya mfumo ambayo seti zangu zinatafuta. Naendesha majaribio yote. Yasipoiona migongano hiyo miwili, narudi kwenye tiki, siendi kikaoni. Yakiiona, naitoa faili. Siku moja nilisahau kuitoa, na mhandisi wa miundo akatumia dakika ishirini kuuliza ni nani aliyepitisha bomba kwenye boriti yake.