Mtoto anakosea imla? Anza na sikio, penseli baadae

Mtoto akirudi skuli na daftari limejaa wino mwekundu usikimbilie kumwandikisha neno moja ukurasa mzima, kaa nae uangalie amekosea vipi. Huyu kaandika "nyuba" badala ya nyumba, mwengine "toto" badala ya mtoto, mwengine r na l anazichanganya, na wallahi si wazembe, sikio tu halijazoea kuzitenganisha sauti. Kuna mtoto anazishika mwenyewe hata skuli hajaanza, na nduguye wa tumbo moja mpaka afundishwe moja moja.

Anza na makofi. M-to-to, makofi matatu. Hapo ndo pagumu maana ile m imesimama peke yake haina irabu, akipiga mawili ujue m haisikii ndo maana haiandiki. Mnaweza kufanya huku mnachambua mchele, dakika chache tu.

Wa "nyuba" dawa yake ni pua. Mwambie abane pua kwa vidole aseme baba, itatoka safi, halafu aseme mbaazi, hapo itakwama na atahisi mwenyewe kuna sauti ilikua inapita puani kabla ya b. Rudia kwa dawa na ndege, goti na ngoma, kisha ndo aandike, silabi moja moja huku anaitamka.

Anaechanganya dh na z mrudishe chuoni kwenye Kurani, dh ni ile herufi ya Kiarabu dhali, ulimi unachungulia baina ya meno, z ulimi unabaki ndani. Akae mbele ya kioo ajione.

Mwenye sikio kali zaidi atakuuliza mbona paa la nyumba na paa mnyama wa msitu wa Jozani wanaandikwa sawa wakati mdomoni si sawa. Mpe haki yake, kasikia kweli, yule wa Jozani anatoka na pumzi ila maandishi yetu hayaioneshi. Na kama bibi yake wa Makunduchi anamsemesha Kikae, lahaja ya kwao, usimkataze, mwambie tu daftari la skuli tunaandika hivi.

Lakini kama ukimwita kwa nyuma haitiki, TV anaiongeza sauti kila saa, au sikio linatoa usaha, hapo imla iache kwanza, mpeleke hospitali akapimwe masikio, na msimtie mafuta. Mafua nayo yanaweza kuacha maji nyuma ya ngoma ya sikio, leo anasikia vizuri kesho kama kazibwa, kwahiyo mwambie na mwalimu amkalishe mbele.